Pima Kabla ya Kununua Spea
Pikapu ya dizeli inayobeba mahindi kati ya Malakisi na Bungoma ikianza kuzimika ovyo, na asubuhi stata ikizunguka kwa uchovu, hukumu hutolewa upesi: betri imekufa. Inanunuliwa mpya, kisha alternata, kisha nozeli, na ugonjwa uko pale pale. Kosa ni kutopima. Betri ya volti 12 iliyojaa husoma takriban 12.6 injini ikiwa imezimwa. Injini ikinguruma, isome kati ya 13.8 na 14.4. Hapo pakiwa sawa, mita ya volti ihamie upande wa hasi: ncha moja kwenye kichwa cha betri, nyingine kwenye chuma cha injini, stata ikizungushwa. Ikizidi nusu volti, umeme unapotelea njiani, mara nyingi chini ya boliti iliyoshika kutu. Wapo watakaosema fundi mzoefu husikiliza tu akajua. Kweli, sikio lake hutambua nozeli inayogonga. Lakini kutu haina sauti. Nayo mashine ya kusoma kompyuta ya gari hutaja sensa inayolalamika, si lazima iliyoharibika, maana volti zikishuka hata sensa nzima hudanganya. Mkulima hulipia spea hizo kwa magunia ya mahindi. Boliti ile ilihitaji msasa na spana tu.