Faranga moja, sufuri kumi na moja
Muuza jibini wa Masisi na mbeba kasiteriti (madini ya bati) wa Walikale, mashariki mwa Kongo, wana namba nzito mfukoni. Mwaka 1993, katika sarafu ya nchi yao, zaire mpya 1 ilichukua nafasi ya zaire za zamani 3,000,000; mwaka 1998 faranga 1 ya Kongo ikameza zaire mpya 100,000. Zidisha: faranga moja ni zaire za zamani 300,000,000,000. Ukiivunja namba hiyo unapata tatu moja, mbili kumi na moja na tano kumi na moja zilizozidishwa pamoja, basi. Vigawanyo vyake ni 288, kwa hiyo watu wanne, watano, hata wanane wanagawana bila ugomvi. Wakiwa saba inabaki zaire 1, na sidhani kama kuna atakayeigombania.