Joto la bomba la moshi ni mali
Kiwanda cha saruji hulipia makaa ya mawe kwa fedha nyingi, kisha sehemu kubwa ya joto lake hupaa kupitia bomba la moshi bila kufanya kazi yoyote. Jenereta za dizeli nazo ni hivyo hivyo. Wengi huamini kwamba bila mvuke mkali hakuna umeme, lakini sivyo. Pentani, ambayo ni kimiminika, huchemka kwenye nyuzi 36 za Selsiasi tu: ukiipasha kwa maji ya moto hugeuka gesi, huzungusha tabo ya kuzalisha umeme, hupozwa ikawa kimiminika, na mzunguko huanza upya. Huko Chena, Alaska, tangu 2006 chemchemi yenye nyuzi 74 imezalisha umeme kwa mzunguko wa aina hii, na hapa kwetu mitambo ya Olkaria III nchini Kenya hutumia pentani. Hata hivyo, fizikia haidanganyiki. Kati ya maji ya nyuzi 90 na hewa ya nyuzi 25, hata mtambo mkamilifu haugeuzi zaidi ya asilimia 18 ya joto kuwa umeme, na mitambo halisi hupata kama nusu ya hapo. Kwa hiyo mpangilio ni muhimu: kwanza tuzibe mianya ya upotevu, pili joto likaushe chai na kupasha maji ya kiwandani, na linalobaki ndilo lizalishe umeme. Wenye viwanda wapime moshi wao, na serikali ziwadai vipimo hivyo kabla ya kuidhinisha mtambo mwingine wa mafuta.