KULA MANENO

Wanafunzi wenzangu,

Wako kati yetu wanaozani kujua Kingereza ni kujaza kaye: eat ni kula, basi imekwisha. Mimi ninakataa. Tuangalie Wachina wanaojifunza hii luga.

Kwa Kichina, mtu mwenye wivu wa mapendo wanasema "anakula siki". Mwenye kuvumilia taabu, "anakula uchungu". Akipeleka ile kwa Kingereza neno kwa neno, Mwingereza atatafuta siki pale mezani!

Lakini hatari kubwa iko pahali maneno yanafanana. Kwa Kichina, kula maneno yako ni kuvunja ahadi. Kwa Kingereza, eat your words ni kukubali kwamba ulisema vibaya. Sasa Mchina anaahidi rafiki yake Mwingereza: "I will not eat my words." Yeye anataka kusema: nitatimiza. Mwingereza anasikia: huyu hata akikosa hatakubali kosa. Mmoja anatoa ahadi, mwingine anaona kiburi. Urafiki unaweza kuharibika, na hakuna aliyesema uwongo.

Na sisi je? Tunakula kiapo, tunakula hasara, na sahani haiko. Nani ataweza kutafsiri ile neno kwa neno?

Kwa hiyo nasema: tuache kuandika neno peke yake katika kaye. Tuandike mfano mzima, na wakati gani watu wanausema. Ni kazi ndefu, ndiyo. Lakini kumwomba rafiki musamaha ni kazi ndefu zaidi.

Ninyi munaonaje?