Nano ni nzuri, lakini imeonja unyevu wa Kisumu?

Jana jioni mvua ilitokea upande wa ziwa, radi mbili tatu, stima ikapotea. Iliporudi, ilirudi kwa hasira, na kompyuta yangu ikatoa moshi. Kazi ya siku mbili imo ndani. (Ndiyo, najua, ningeweka nakala.) Fundi aliyekuja alituonyesha juu ya nguzo: kikombe cha kauri kimepasuka. Kwa hiyo leo naandika kwa laptopu ya kuazima, na si kuhusu programu. Ni kuhusu vihami.

Kihami ni chochote kinachouzuia umeme usitoke kwenye njia yake: plastiki ya waya, kauri ya nguzo, mafuta ndani ya transfoma. Hakuna anayekikumbuka mpaka kishindwe. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili aliangukia transfoma ya kituo cha Gitaru, umeme ukapata njia ya mkato, na Kenya nzima ikakaa bila stima kwa saa kadhaa.

Sasa, wanasayansi wana habari nzuri. Tangu T. J. Lewis alipoandika juu ya jambo hili mwaka 1994, watafiti wamekuwa wakichanganya plastiki na epoksi na chembe za silika au alumina zenye upana wa nanomita chache tu. Nanomita moja ni mita moja ukiigawa mara bilioni. Gramu moja ya unga huo inaweza kuwa na uso wa mita za mraba 200, sawa na sakafu ya nyumba kubwa. Kihami cha kawaida kinapochoka, ndani yake huota nyufa ndogo zenye matawi kama mti, mpaka siku umeme unapenya. Chembe za nano huziba njia. Tawi linalazimika kuzunguka na kuzunguka, na kihami kinaishi zaidi.

Safi sana. Lakini sisi waandishi wa programu tuna utani wetu: "Kwenye mashine yangu inafanya kazi!" Mteja akiifungua, inaanguka. Naona vihami vya nano vina hatari hiyo hiyo. Silika inapenda maji. Watafiti waliopima epoksi yenye chembe za silika waliona inanyonya maji kuliko epoksi tupu, kwa sababu maji hukusanyika kuzunguka kila chembe. Ule uso mkubwa tuliousifia unageuka kuwa nyumba ya maji, na maji ni rafiki wa umeme. Dawa ipo: kuzipaka chembe kemikali inayofukuza maji kabla ya kuzichanganya. Ila lazima uulize kama ilifanyika, na kama ilifanyika vizuri.

Sasa fikiria Dunga asubuhi, ukungu umelala juu ya maji, kisha jua kali, kisha radi jioni. Hiyo si maabara kavu ya Ulaya.

Utaniambia tuanze na wezi wanaonyonya mafuta ya transfoma wakayauze kwa wakaanga chipsi. Kweli, hakuna nano itakayomzuia mwizi. Lakini mwizi akikamatwa leo, radi na unyevu bado vitakuwepo kesho.

Maoni yangu ni haya: tusizikatae bidhaa za nano, na tusizinunue kwa sababu ya jina. Anayeziuza alete vipande. Wanafunzi wa Maseno au wa politekniki ya hapa Kisumu wavipime uzito, waviloweke kwenye maji ya ziwa kwa miezi, wavipime tena, halafu wavipandishie volti mpaka vipasuke. Mizani, ndoo na mashine moja ya volti kubwa. Kipande kikishinda, tukipandishe nguzoni.

Kikishindwa, heri kishindwe ndani ya ndoo kuliko juu ya nyumba ya mtu.