Tumbo Halitaki Mjeledi

Katika nyumba nyingi haluli haikosekani, na kila aumwaye tumbo hunyweshwa. Yafaa kwanza tuujue utumbo na kazi yake.

Chakula hakishuki kwa uzito wake kama jiwe kisimani. Hata mtu aliyelala chali aweza kumeza, kwa kuwa misuli ya umio hubana nyuma ya tonge na kulegea mbele yake, ikalisukuma. Tumboni chakula husagwa kwa saa kadha, kisha huingia utumbo mwembamba, wenye urefu wa meta 6 hivi, na humo nguvu yake huingia katika damu. Makapi hupita utumbo mpana, wa meta 1½ hivi, ambao huyanyonya maji. Yakikawia humo hukauka, na mtu hufunga choo.

Makapi yakiwa mengi, utumbo hupata cha kusukuma. Dakta Denis Burkitt, aliyetumika Uganda miaka mingi, alitangaza pamoja na wenzake mwaka 1972 vipimo vya jambo hili. Kwa wanakijiji wa Uganda, chakula kilipita kwa muda wa saa 36 hivi. Kwa mabaharia wa Kiingereza, wala vyakula vilivyokobolewa, saa 83.

Basi mwenye kufunga choo na ale maharagwe, mboga za majani, matunda na unga usiokobolewa. Anywe maji ya kutosha. Na haja ikimjia asiizuie.

Lakini si kila maumivu ni choo kilichofunga. Mtoto wa jirani yangu aliumwa penye kitovu, kisha maumivu yakahamia chini, upande wa kulia. Akatapika, akashikwa na homa. Mama yake akampa haluli. Kumbe kidole tumbo, yaani kijifuko kilicho mwanzoni mwa utumbo mpana, kilikuwa kimevimba. Haluli huuhimiza utumbo kwa nguvu, na kilichovimba chaweza kupasuka. Chake kilipasuka. Alifanyiwa upasuaji usiku ule ule, akapona, lakini baada ya majuma mengi ya taabu.

Aumwaye hivyo asipewe haluli wala chakula. Apelekwe hospitali upesi, hata ikiwa ni usiku. Ng'ombe aliyevunjika mguu hapigwi mjeledi ili aivute plau. Wala utumbo mgonjwa usipigwe.