Tovuti za wafanyabiashara wadogo: Nani ameshika ufunguo wa duka?

MFANYABIASHARA wa Gongo la Mboto aliyetengenezewa tovuti mwaka 2019, na ambaye hajaibadilisha tangu hapo, huenda leo anawapotosha wateja wake bila kujua.

Mwaka huo eneo lake lilikuwa chini ya Halmashauri ya Manispaa ya Ilala. Februari 2021, manispaa hiyo ilipandishwa hadhi na kuwa Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam. Mwaka uliofuata, kuelekea Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 23, 2022, Serikali iliendesha operesheni ya anwani za makazi, mitaa ikawekewa majina na nyumba zikapewa namba. Novemba 2024, kampuni ya simu ya Tigo ikabadili jina na kuwa Yas, na huduma yake ya Tigo Pesa ikaitwa Mixx by Yas.

Kwa maana hiyo, anwani iliyoandikwa katika tovuti ile imepitwa na wakati, na maelekezo ya malipo yanataja huduma ambayo jina lake halitumiki tena. Hapo hatujagusa bei. Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) hutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na muuza saruji, nondo au mabati anafahamu fika kuwa gharama ya lori ikipanda, bei ya dukani nayo haibaki ilipokuwa.

Swali la kujiuliza ni kwa nini mtu aliyetoa fedha yake kutengenezewa tovuti anaiacha ichakae. Jibu jepesi ni uzembe. Lakini sababu kubwa zaidi imo katika namna tovuti hizo zinavyojengwa.

Ziko njia mbili. Ya kwanza ni kuandika kila kitu ndani ya ukurasa wenyewe: bei, namba ya simu, saa za kufungua na jina la huduma ya malipo. Duka lenye bidhaa 40 na ukurasa mmoja kwa kila bidhaa litakuwa na maelekezo ya malipo yaliyorudiwa mara 40. Jina la huduma likibadilika, kurasa zote 40 zinapaswa kufunguliwa moja baada ya nyingine, na anayejua kuzifungua ni fundi aliyezitengeneza. Fundi huyo akihama mji, akipata ajira au akidai malipo kwa kila sahihisho, tovuti inakufa ingali hewani.

Njia ya pili ni kutenganisha taarifa na ukurasa. Taarifa huwekwa katika kanzidata, yaani daftari la kielektroniki lenye safu na mistari: jina la bidhaa, kipimo, bei, kiasi kilichopo. Ukurasa unabaki kuwa fremu tupu. Mteja anapoufungua, programu iliyoko kwenye seva husoma daftari, huchukua kilichoandikwa humo muda huo na kukipanga ndani ya fremu. Mwenye duka akibadili bei mara moja katika daftari, kila ukurasa unaotaja bidhaa hiyo hubadilika wenyewe.

Utaratibu huu si mgeni kwa mkazi wa Dar es Salaam. Anaponunua umeme wa LUKU au kuangalia salio la M-Pesa, hakuna mtu aliyekaa mahali akimwandikia jibu kwa mkono. Ni kanzidata inayosomwa. Kilichokuwa cha mashirika makubwa pekee kimekuwa rahisi kupatikana tangu programu za bure kama MySQL, iliyotolewa mwaka 1995, na WordPress, iliyoanza mwaka 2003 na kuhifadhi maandishi yake katika kanzidata hiyo hiyo. Leo mwenye duka anaweza kubadili bei kwa simu yake ya mkononi, bila kujua hata mstari mmoja wa lugha ya kompyuta.

Wapo watakaohoji haja ya tovuti wakati WhatsApp na Instagram zipo na hazitozi kitu. Hoja hiyo ina uzito, kwani wateja wengi wako huko. Hata hivyo, kupanga bidhaa katika mitandao hiyo ni kuandika katika daftari la mtu mwingine. Oktoba 4, 2021, huduma za Facebook, Instagram na WhatsApp zilikatika duniani kote kwa takriban saa sita. Aliyekuwa na orodha ya bidhaa huko pekee alikuwa amefungiwa nje ya duka lake. Busara ni kutumia mitandao kumwita mteja, na kuitunza orodha yenyewe mahali pa kwako.

Ni lazima pia kusema ukweli kwamba kanzidata haimfai kila mtu. Fundi cherehani ambaye taarifa zake ni jina, namba ya simu na mahali alipo anahitaji ukurasa mmoja wa kawaida, ambao ni nafuu na hauna mengi ya kuharibika. Kanzidata inahitaji ulinzi: nywila imara, nakala ya akiba inayohifadhiwa nje ya seva, na programu zinazohuishwa mara kwa mara. Tovuti ya WordPress iliyotelekezwa ni mlango ulioachwa wazi kwa wahalifu wa mtandaoni.

Zaidi ya hapo, pindi daftari hilo linapoanza kutunza majina na namba za simu za wateja, linaingia katika mikono ya sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu asajiliwe na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na azitumie kwa lengo alilozikusanyia tu. Anayehitaji kuonyesha bei pekee hana sababu ya kulimbikiza taarifa za watu.

Ni dhahiri basi kuwa suala la msingi si kuwa na tovuti au kutokuwa nayo, bali nani ana uwezo wa kuibadilisha. Kabla ya kulipa, mfanyabiashara anapaswa kumuuliza fundi maswali manne. Je, jina la tovuti limesajiliwa kwa jina la nani? Nywila kuu itakaa kwa nani? Nakala ya kanzidata nitaipataje siku tukiachana? Na je, ninaweza kubadili bei mwenyewe, sasa hivi, mbele yako?

Swali la nne ndilo lenye kupima kazi yote. Hakuna mwenye duka Gongo la Mboto anayekubali ufunguo wa kufuli lake ukae kwa seremala aliyemtengenezea mlango. Hakuna sababu ya kulikubali hilo kwa duka lililoko mtandaoni.