Kadi ya Manjano si Karatasi Tupu

Mama mmoja wa Shangani, Mtwara, ametuletea barua yenye mashaka. Mwanawe amepata nafasi ya masomo mjini Kampala, na chuo kimemwandikia asafiri na hati ya chanjo ya homa ya manjano. Siku zilizobaki ni sita. Jirani amemnong'oneza kwamba yuko mtu awezaye kuwapatia kadi iliyokwisha kugongwa muhuri, bila sindano. Auliza mama huyo: karatasi hii ina uzito gani hata imzuie kijana?

Swali ni jema, nasi twalijibu kwa faida ya wazazi wote.

Hati hiyo imewekwa na Kanuni za Afya za Kimataifa, ambazo Tanzania nayo imezikubali. Ndani yake huandikwa jina la msafiri, tarehe ya kuzaliwa, jinsia, uraia na kitambulisho chake. Kisha hufuata jina la ugonjwa, tarehe ya chanjo, sahihi ya mganga, mtengenezaji wa dawa na namba ya toleo lake, na mwisho muhuri wa kituo. Muhuri hausimami mahali pa sahihi. Neno likifutwa, au nafasi ikiachwa wazi, hati yaweza kukataliwa. Kila mtu huwa na hati yake, hata mtoto. Mzazi humtilia sahihi asiyejua kuandika bado.

Mstari unaowakwaza wengi ni ule wa muda. Hati huanza kutumika siku 10 baada ya chanjo ya kwanza, kwa kuwa mwili wahitaji muda wa kujenga kinga. Zamani ilidumu miaka 10 tu. Lakini tangu tarehe 11 Julai 2016 hudumu maisha yote ya mwenye nayo, pamoja na zile zilizotolewa kabla ya hapo. Basi mwenye kadi ya zamani asithubutu kuisahihisha tarehe kwa kalamu yake.

Na kwa nini masharti haya yote? Homa ya manjano haina dawa ya kuiua. Mganga humsaidia mgonjwa tu, na wako wanaokufa. Huenezwa na mbu aumaye mchana, azaaye katika mitungi na vifuu vyenye maji. Mbu huyo sisi wa Kusini twamjua. Ndiye aliyehusika na chikungunya, ugonjwa uliotambuliwa mara ya kwanza katika Uwanda wa Makonde mwaka 1952, ukapewa jina la Kimakonde kwa jinsi ulivyowakunja watu viungo. Mwishoni mwa mwaka 2015 homa ya manjano ilizuka Angola, na mwaka 2016 wafanyakazi wasiochanjwa wakaibeba hadi China. Msafiri mmoja arudiye nyumbani na homa, akakuta mbu wamemngoja, aweza kuwaponza jirani zake.

Kwa hiyo, mama, kadi ya kununua huenda ikamdanganya askari wa mpakani, lakini mbu haulizi muhuri. Na ikigunduliwa, kijana atajikuta mbele ya sheria badala ya darasani.

Mpeleke kesho katika kituo kilichoruhusiwa kutoa chanjo hiyo. Amweleze mganga kama mayai humdhuru, au kama ana maradhi yanayodhoofisha kinga. Wajawazito na wenye miaka 60 na zaidi nao yafaa washauriwe kwanza. Asiyeweza kuchanjwa huandikiwa na mganga barua ya kueleza sababu. Kisha akiandikie chuo kuomba kuchelewa siku chache, akiitaja tarehe ya chanjo.

Nanyi mnaovuka Ruvuma kwa Kilambo au kwa Daraja la Umoja, ulizeni mapema: masharti hutegemea mlikotoka, si mwendako tu.

Kuchelewa wiki moja si hasara. Kijana aende akiwa salama, arudi akiwa salama.